PICHA ZA BARA HINDI ZISIZO NA MAJINA

Wasomaji wetu, ziko filamu huko Uingereza ambazo zafaa kutazamwa na kila mtu ambaye nchi yake ilipata kutawaliwa. Ni filamu za maisha ya Bara Hindi, zilizopigwa tangu mwaka 1899 mpaka mwaka 1947, wakati nchi ile ilipokuwa chini ya Mwingereza. Mwaka 2017, India ilipotimiza miaka 70 ya uhuru wake, British Film Institute ya London ilizitoa ghalani filamu nyingi za namna hiyo, ikazionyesha kwa watu. Mwaka uliofuata Bibi Sandhya Suri akaunga vipande vyake, akatengeneza filamu moja ndefu iitwayo Around India with a Movie Camera. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, vyuo na majumba ya makumbusho ya Uingereza vilikuwa vimekwisha kuorodhesha filamu zaidi ya 6,000 za makoloni yao yote, na orodha hiyo ikawekwa kwenye intaneti.

Basi hakuna tena wa kusema ya kuwa vitu hivi vimefichwa. Shauri letu leo si la kufichwa. Shauri letu ni jinsi vinavyosomwa, na ni mali ya nani.

Tuanze na moja ya filamu za zamani kabisa katika kundi hilo. Ni ya mwaka 1899, na ni fupi mno. Mpiga picha yumo ndani ya chombo mtoni, nacho chapita polepole mbele ya ngazi za mawe zishukazo majini, na watu wengi wako kwenye ngazi hizo. Jina lake lasema kwamba huo ni mji wa Calcutta uonekanavyo kutoka mto Ganges. Lakini mtu yeyote aliyezaliwa katika nchi ile akitazama mara moja atakwambia kuwa hapo si Calcutta hata kidogo. Hapo ni Benares, mji mtakatifu wa Wahindu, ulio mbali na Calcutta zaidi ya kilomita 600. Mtu aliyeuza filamu ile London hakuona haja ya kuuliza. Mnunuzi naye hakuuliza. Kwao ilikuwa India, na India ilikuwa mto, ngazi, na watu weusi walio wengi wasiohesabika. Ni kama mtu apige picha Kilwa aandike Mombasa, kisha picha hiyo iende ikae London zaidi ya miaka mia na jina lake la uongo.

Wengine watasema hilo ni kosa dogo. Sisi twasema ni kosa linaloonyesha tabia nzima. Mwenye kamera alikuwa na uwezo wa kuzipa jina nchi na watu, na hakuwa na wa kumsahihisha.

Sasa tuje kwenye filamu kubwa kupita zote za siku zile, ile ya Durbar ya Delhi. Tarehe 12 Desemba 1911 Mfalme George wa Tano alikaa mbele ya wafalme na machifu wa Bara Hindi, kila mmoja aje ampe heshima. Siku hiyo hiyo akatangaza kuwa makao makuu ya serikali yatahamishwa kutoka Calcutta kwenda Delhi. Kampuni nyingi za filamu zilipeleka watu wao. Charles Urban alikwenda na mashine zake za Kinemacolor zilizoweza kuonyesha rangi, na filamu yake, With Our King and Queen Through India, ilianza kuonyeshwa katika jumba la Scala huko London mwezi wa Februari 1912. Ilichukua kama saa mbili na nusu. Tembo, majoho, vito, bendera, askari wa farasi. Yote kwa rangi, na yote kwa ajili ya kumwambia mtu wa London kwamba watu hawa wote wanafurahi kutawaliwa. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea. Kipande kimoja kilionekana mwaka 2000 katika hifadhi ya Krasnogorsk, nchini Urusi, na hatujui mabeberu wa mwaka 1911 wangesemaje kama wangeambiwa kuwa fahari yao itakuja kutunzwa na Warusi.

Lakini katika sherehe ile lilitokea jambo. Desturi iliyowekwa ilikuwa kila mfalme wa Kihindi ainame mara tatu mbele ya Mfalme wa Uingereza, kisha arudi kinyumenyume, asimpe mgongo. Baada ya Nizam wa Hyderabad akaja Sayajirao wa Tatu, Gaekwad wa Baroda. Huyu hakuwa mtu wa hivi hivi. Katika nchi yake alikuwa ameweka sheria ya elimu ya lazima ya shule za msingi mwaka 1906, jambo ambalo Mwingereza mwenyewe hakuwafanyia raia wake wa Kihindi. Ndiye pia aliyekuja kumlipia masomo ya Marekani mwaka 1913 kijana B. R. Ambedkar, aliyekuwa mtu wa tabaka lililodharauliwa kupita yote, na ambaye baadaye aliongoza kazi ya kuandika katiba ya India. Basi Gaekwad alikuja mbele ya Mfalme bila ya vito vyake vyote, akainama mara moja tu, akageuka, akaenda zake.

Zogo lililozuka lilikuwa kubwa. Magazeti ya London yalipiga kelele: Gaekwad amemtukana Mfalme! Na filamu zilipofika Uingereza, watu wakaingia katika majumba ya senema kumtazama yeye, wakawa wanabishana. Je, alikusudia? Je, alibabaika? Mwenyewe alimwandikia Gavana Mkuu, Lord Hardinge, barua ya kuomba radhi, akasema ni kubabaika tu. Inawezekana. Mtawala wa nchi ndogo iliyozungukwa na mizinga ya Mwingereza hakuwa na nafasi ya kusema vingine. Lakini mkanda upo hata leo, na kila mtu anaweza kuutazama na kuhukumu.

Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Filamu ile ililipiwa na kupangwa ili ionyeshe unyenyekevu. Kamera iliwekwa mahali pake, jua likangojewa, kila mtu akaambiwa asimame wapi. Na kamera ikanasa mgongo. Kamera ni mtumishi wa ajabu: humtii bwana wake katika mambo yote isipokuwa kufumba macho. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale ndugu wanaosema filamu za wakoloni ni propaganda tupu, zitupwe motoni. La, zisitupwe! Zitazamwe, lakini zitazamwe pembeni, mahali ambapo mpiga picha hakuwa akipaangalia.

Na hakuna filamu zinazofaa kutazamwa pembeni kama zile za nyumbani. Tangu mwaka 1923, ilipotoka filamu nyembamba ya milimita 16, Mwingereza mwenye mshahara mzuri aliweza kununua kamera yake mwenyewe. Hakimu wa wilaya, mhandisi wa reli, bwana wa shamba la chai, afisa wa jeshi, wote walipiga picha za mke na watoto, za bustani na farasi, za uwindaji wa chui-milia na za karamu kilabuni. Walipozeeka kwao Uingereza, wengi wao au watoto wao waliipeleka mikanda hiyo Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kituo cha masomo ya Asia ya Kusini, na huko imehifadhiwa vizuri.

Mtu akikaa kuitazama mikanda hiyo kwa saa nzima, mwanzoni ataona anachotakiwa aone: mtoto mweupe anajifunza kutembea. Kisha ataona mkono. Mkono wa mwanamke mwenye sari, umemshika mtoto asianguke. Huyo ni ayah, neno ambalo nasi twalijua kwa sura ya yaya. Mara nyingine uso wake hauonekani, kwa sababu kamera inamfuata mtoto. Nyuma yake yupo mtunza bustani ameinama, na mchukuzi wa maji, na mpishi amesimama mlangoni kwa kilemba cheupe akingoja bwana amalize mchezo wake wa kamera ndipo apeleke chai. Wako katika kila mkanda. Bila wao mtoto asingelishwa, maua yasingeota, farasi asingetandikwa, wala yule bwana asingepata nafasi ya kupiga picha.

Ukifungua orodha utakuta jina la bwana, cheo chake, kituo alichofanya kazi na miaka yake. Yaya hana jina. Mpishi hana jina. Wameandikwa "mtumishi", au hawakuandikwa kabisa.

Twajua watunzaji wa hifadhi hizo si watu wabaya. Wengi wao wamefanya kazi ya kuhangaikia haki, wakaandika maelezo ya kweli kuhusu ukoloni kando ya filamu. Hawawezi kuandika jina ambalo mwenye mkanda hakuwaachia. Lakini wapo ambao wangaliweza kulitaja. Mtoto wa mpishi yule, aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1947, sasa anakaribia miaka 90. Yuko katika mtaa wa Lahore au Lucknow au Madras, au amekwisha kufa. Akioneshwa mkanda leo ataweza kusema: huyu ni baba. Baada ya miaka mitano hatakuwapo wa kusema. Kwa hiyo maneno ya "tutafikiria", "kamati itakaa" na "fedha zitatafutwa" hayafai hapa. Wenyewe wanakwisha.

Tumesema habari za yaliyomo. Sasa tuseme habari za yasiyomo. Tarehe 13 Aprili 1919, katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini Amritsar, Jenerali Dyer aliwaamuru askari wake wapige risasi umati wa watu wasio na silaha. Risasi 1,650 zilipigwa. Serikali ilihesabu waliokufa 379. Chama cha Congress kilisema walikaribia elfu moja. Usitafute filamu ya siku ile. Nchi iliyokuwa imejaa kamera za kupiga picha za gwaride haikuwa na kamera mahali pale. Vivyo hivyo njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu kama milioni tatu. Wakati huo serikali ilikuwa na kikosi chake cha filamu, Information Films of India, chenye mashine na watu, lakini kazi yake ilikuwa vita. Picha zilizoushtua ulimwengu zilitoka katika gazeti, The Statesman la Calcutta, mwezi wa Agosti 1943. Na kwa haki tuseme, mhariri wake Ian Stephens alikuwa Mwingereza. Alichapisha picha za maiti barabarani wakati serikali ya watu wake ilipotaka mambo yanyamaze. Asiyeweza kumsifu mtu kama huyo hajui tunapigana na nini.

Na wala tusidhani kwamba Wahindi walikuwa wakipigwa picha tu, wao wenyewe hawapigi. Senema ilifika Bombay, ambayo leo yaitwa Mumbai, tarehe 7 Julai 1896, katika Hoteli ya Watson. Mwaka 1899 Bwana Harishchandra Bhatavdekar, mpiga picha wa mji huo, alikuwa amekwisha kuagiza kamera yake, akapiga filamu ya mieleka. Huko Calcutta Bwana Hiralal Sen alipiga filamu ya mkutano wa tarehe 22 Septemba 1905, wakati watu wa Bengal walipokataa nchi yao kukatwa vipande viwili na Lord Curzon. Hiyo ilikuwa filamu ya siasa, ya watu wenyewe, miaka sita kabla ya Durbar ya Mfalme George. Iko wapi leo? Ghala la filamu za Sen liliungua mwaka 1917, na kazi yake yote ikawa majivu.

Tazameni tofauti hiyo. Filamu za bwana zilikuwa na nakala London. Filamu za mtawaliwa zilikuwa na nakala moja, katika ghala moja, la nyumba moja. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrate, kitu kinachoshika moto upesi kama baruti na kisichozimika hata kikitiwa majini. Na hizo zisizo za nitrate nazo zikiachwa katika joto huoza, zikatoa harufu kali ya siki. Katika filamu zaidi ya elfu moja zisizo na sauti zilizotengenezwa India, zilizobaki ni chache mno.

Na ambazo moto haukuziunguza, sheria ilizifungia. Sheria ya senema ya mwaka 1918 ilileta bodi za ukaguzi Bombay, Calcutta, Madras na Rangoon. Mwaka 1921 ilitolewa filamu iitwayo Bhakta Vidur, hadithi ya kale ya vitabu vya dini, lakini mtu mwema wa hadithi hiyo alivalishwa nguo na kofia kama za Gandhi. Wakaguzi wa Karachi na Madras wakaifungia! Mwaka 1930 Gandhi alipokwenda kwa miguu mpaka Dandi kuokota chumvi, filamu za safari ile zilipigwa marufuku Bombay. Wapiga picha wa nje walizipata picha za Gandhi, dunia ikamwona, lakini mwananchi wa Bombay hakuruhusiwa kumwona katika senema ya mtaani kwake. Mwaka 1937 Bwana A. K. Chettiar, Mtamil, akaanza safari ya kuzikusanya picha hizo kokote zilikotawanyika, Ulaya, Marekani, mpaka Afrika ya Kusini. Alizikuta kwa watu wa kila taifa. Filamu yake ya Kitamil ilionyeshwa mwaka 1940. Fikirini jambo hilo: mtu anazunguka dunia kutafuta picha za kiongozi wake ambaye angeweza kupanda treni akaenda kumwona.

Sasa twaja kwenye neno ambalo huenda baadhi ya wanachama wasilipende. Mwaka 1943 serikali ya Kiingereza ilitoa amri kwamba kila jumba la senema katika India lionyeshe, katika kila onyesho, filamu zilizoidhinishwa na serikali za kiasi cha futi 2,000, na mwenye jumba alipe. Watu waliichukia amri hiyo. Kikosi cha filamu kilichohusika kilivunjwa mwaka 1946, na uhuru ulipofika usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Agosti 1947 hakikuwapo. Idara mpya, Films Division, iliundwa mwaka 1948. Na je, idara hiyo ya nchi huru ilifanya nini? Upesi ikawalazimisha wenye majumba ya senema waonyeshe filamu zake, nao walipe, kama ilivyokuwa zamani. Yamo mengi mazuri katika filamu zake, lakini wakulima wake nao mara nyingi hawana majina. Wanatabasamu, trekta inapita, sauti ya msemaji inasema maendeleo. Kumfukuza mkoloni hakumfanyi mpiga picha amwulize mkulima jina lake.

Turudi London. Wenye ghala watasema: kama tungewaachia, zingekwisha kuungua. Wana hoja, wala hatutaikwepa. Huko Gaydon, katika mkoa wa Warwickshire, wamejenga ghala la filamu lenye baridi ya nyuzi tano chini ya sifuri, na mkanda ukiwekwa mle unaweza kukaa kwa miaka mingi sana. Huko Pune, hifadhi ya taifa ya India iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa juhudi za Bwana P. K. Nair ilikuwa na filamu za nitrate, na tarehe 8 Januari 2003 moto ukaziteketeza. Hayo ni kweli.

Lakini swali ni hili: baridi ya Gaydon ililipiwa na nani? Nchi iliyotoa hariri, chai na juti, na kulipa kodi kwa karibu miaka mia mbili, haikosi kuwa imechangia tofali moja au mawili. Wala hakuna anayedai mikanda ya asili iondolewe kesho kwenye ghala zuri ikaoze kwenye ghala bovu. Leo filamu hunakiliwa kwa kompyuta, na nakala haipungui uzuri. Nakala kamili zipelekwe Pune, zipelekwe Islamabad na Dhaka pia, maana Bara Hindi la filamu hizo halikuwa na mipaka ya mwaka 1947. Zipelekwe bila malipo. Siku hizi mtu wa Calcutta anaweza kuzitazama baadhi katika simu yake. British Pathé peke yake ilitia filamu 85,000 kwenye intaneti mwaka 2014. Lakini kutazama si kumiliki. Mtengenezaji wa filamu wa kwao akitaka kutumia dakika mbili tatu katika kazi yake, mara nyingi hana budi kulipa ada kwa wenye haki huko Ulaya. Analipia mkono wa bibi yake!

Na sisi huku je? Mikanda yetu ipo. Katika miaka ya 1935 mpaka 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya majaribio ya senema kwa Waafrika, wakatengeneza filamu kama 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilizobaki ni chache tu, nazo ziko London. Mojawapo inaonyesha wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Wanalima, wanajenga, wanatembea mbele ya kamera. Mwingereza aliyeongoza kazi ile, Major Notcutt, jina lake limo katika vitabu.

Kingolwira ipo, na wajukuu wa watu wale wapo. Wizara inayohusika iandike barua London kuomba nakala, iipeleke Kingolwira pamoja na kitambaa cheupe na mashine ya kuonyeshea, iwakalishe wazee mbele, na mtu mmoja awe na kalamu.